Finjani ya Bi Mwanamboka

Watu wa Ibra, huko Omani, walimsifu Bi Mwanamboka kwa kitu asichokuwa nacho, nacho ni huruma. "Mama wa watu," wakisema, "kafiwa na mwanawe kwa ajili ya vidonge vya kulevya, na badala ya kujifungia ndani anaendesha gari mpaka Sinaw kuwanusuru vijana wa Kibedui." Wengine walimwombea dua mbele ya uso wake, naye akaitikia amina bila ya kuwasahihisha. Huruma gani? Bi Mwanamboka aliingia kwenye kazi ile kwa sababu alikuwa anamtafuta mtu.

Mwanawe, Khelef, alikutwa asubuhi moja, miaka minne nyuma, amekaa chini ameegemea ukuta wa karakana ya matairi kwenye njia ya kutokea Sinaw. Fundi wa Kibangali aliyekuja kufungua mlango alidhani ni mteja kasinzia, akamsalimia mara mbili. Khelef alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kifungo cha shingoni cha kanzu yake kilikuwa kimefungwa, na kofia yake imewekwa sawa kichwani, sawa kabisa, kama anakwenda kuswali Idi. Khelef hajapata kuvaa kofia sawa tangu azaliwe. Basi kuna mtu alimkalisha pale, akamtengeneza, akapanda gari akaenda zake. Askari waliitafuta gari hiyo wasiione, na Bi Mwanamboka akaapa kuwa yeye ataiona.

Khelef hakuwa malaika, na mamaake alikuwa wa mwisho kumfanya malaika. Alikuwa nesi kwa miaka thelathini na moja, macho ya mtu aliyemeza vidonge alikuwa akiyajua kuliko mfuko wake. Kwamba mwanawe ameanza kuchezea, alikuwa ameshaona, na alikuwa akimpigia kelele kila alfajiri. Lakini kuuza, hapana. Hilo lilizushwa wiki moja baada ya mazishi, na aliyelizusha alikuwa na jina na ndevu. Hamood, mwenye ngamia na mbuzi wasiohesabika, mtu ambaye akikohoa Sinaw watu husogea, alisimama kwenye mnada wa mifugo siku ya Alhamisi akasema kwa sauti yake kubwa: "Uchafu huu wetu hatukuwa nao. Wametuletea hawa Wazinjibari waliorudi kutoka Unguja. Yule mtoto wa nesi wa Ibra ndiye aliyekuwa akiwauzia wanetu, na Mungu kamlipa."

Basi ikawa ndiyo habari. Posa ya mpwa wake Bi Mwanamboka ikarudishwa kwa maneno matamu yasiyo na maana. Majirani waliokula chapati zake miaka ishirini wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Hakuna aliyemtukana, hata mmoja. Wangemtukana angepata pa kuanzia, kwa sababu ulimi alikuwa nao na wote walikuwa wakiujua.

Alipostaafu akamfuata Saliha, msichana wa Ibra, mjukuu wa watu wa Pemba, aliyekuwa na kikundi cha kujitolea. Kazi yao ilikuwa kuwafuata vijana wa Kibedui kule kule waliko, kwenye mashamba ya ngamia, kwenye mashindano ya magari mchangani, nyuma ya vituo vya petroli, na kuwashawishi waje wakae kikao. Kikao chenyewe ni mkeka na chupa ya chai katika chumba nyuma ya duka la nyasi za mifugo. Hapana daktari wala mtu wa serikali. Aliyekwishatoka kwenye vidonge anamshika mkono anayetaka kutoka, anaitwa mwenza wake, na akimpigia simu lazima apokee; wakipungua, mtu wa kikundi hushika nafasi hiyo. Kanuni zilikuwa mbili. Kilichosemwa mkekani hakitoki mkekani. Na mtu akinyamaza, asisaidiwe maneno. Ukimya uachwe ukae mpaka mwenyewe auvunje.

Hiyo ya pili ilimtesa Bi Mwanamboka mwanzoni, maana yeye hajapata kuuona ukimya asiujaze. Lakini akajifunza. Akajua kuangalia chai yake na kungoja. Baada ya mwaka, hata Saliha alikuwa akimsifu: "Mama, wewe ukinyamaza mtu anatapika mpaka kitu alichokula akiwa mtoto." Bi Mwanamboka akacheka. Ndicho alichokuwa akikitaka, watapike, mpaka siku mmoja wao atapike kofia iliyowekwa sawa.

Ilimchukua miaka mitatu na ushei.

Kijana mwenyewe aliitwa Hazim. Aliingia kikundini mwaka jana, Mfunguo Mosi, baada tu ya Ramadhani, mwembamba, kucha kazitafuna mpaka nyama. Baba yake alikuwa Hamood, huyo huyo wa mnadani, na huko kwao iliaminika kuwa kijana yuko Sur, anafanya kazi bandarini. Bi Mwanamboka hakumpenda kwa sababu ya baba, lakini alipopangiwa awe mwenza wake alimwendea kwa haki kama wengine. Tena kijana akawa mzuri. Miezi ikapita hajagusa kitu, akarudi kukaa kwao, akaanza kuwaleta wenziwe kikaoni, na Saliha akawa anasema Hazim ndiye atakayekishika kikao cha Sinaw.

Mwezi wa Rajabu, siku ya Jumatatu baada ya laasiri, zamu ya kusema ikamfikia. Akanyamaza muda mrefu. Bi Mwanamboka akaangalia chai yake.

"Nilikuwa na rafiki wa Ibra," akasema Hazim. "Vidonge nilivileta mimi. Yeye hakuwa navyo, hata pesa hakuwa nazo, nilimpa bure ili nisimeze peke yangu. Akabadilika rangi. Nikaogopa askari, nikamwogopa baba. Nilimkalisha kwenye ukuta pale kwenye matairi. Nikamfunga kifungo, nikamweka kofia. Nikaondoka." Na wakati wote huo akisema, hakumtazama mtu mwingine ila Bi Mwanamboka.

Alikuwa anajua. Huyu mtoto alikuwa anajua yeye ni mama wa nani, tangu siku ya kwanza alipompa mkono. Na zamu ya kufunga kikao siku hiyo ilikuwa ya Bi Mwanamboka. Ilimpasa kusema maneno anayoambiwa kila mtu aliyejifungua moyo. Akayasema. "Ahsante, Hazim, kwa kutuamini." Kisha akakunja mkeka, akaosha vikombe, akamwaga chai iliyobaki, akaendesha gari mpaka kwake bila kujua amepita njia gani.

Wiki mbili hakula chakula kikashuka. Kilichomkera hakikuwa kifo tu, kifo alikuwa keshakaa nacho miaka minne. Kilichomkera ni ujanja. Kijana alikuwa na dunia nzima ya kuungama, alikuwa na askari, alikuwa na msikiti, alikuwa na mlango wake yeye Bi Mwanamboka uliopakwa rangi ya kijani pale Ibra. Asende kokote huko. Amekwenda kuungama mahali pekee ambapo mwenye mwana amefungwa mikono na mdomo. Ametua mzigo wake, anatembea mwepesi, na jina la Khelef bado liko matopeni kwa sababu ya baba yake. "Mie ndiye nimbebee?" akaiuliza birika jikoni. "Mie? Labda nimekufa."

Kutoa siri ya mkekani, hapana. Alikuwa na hasira lakini hakuwa mwongo, na neno alilolitoa alilitoa. Ila alikuwa amekaa na Mabedui miaka mitatu na kitu, akala nao, akazaliza wake zao wawili garini, na mila zao alizijua. Moja ilikuwa ya kahawa. Mtu mwenye haja kubwa huenda kwa mkubwa, huketi, hutiliwa kahawa, na badala ya kunywa huiweka finjani chini mbele yake. Watu wote wakiona hivyo hunyamaza. Mwenyeji hana budi kumwambia: kunywa kahawa yako, ulilolijia umelipata. Hasikilizi kwanza. Anakubali kabla ya kuambiwa, na akishakubali mbele ya watu hawezi kurudi nyuma, kwani mgeni kutoka na kahawa yake haikunywewa ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Na mila nyingine ni kwamba anayetia kahawa kwenye baraza ya baba ni mtoto wa kiume wa nyumba, naye hutia akiwa amesimama na haruhusiwi kukaa mpaka mgeni wa mwisho atikise finjani, ishara ya kuwa ametosheka.

Ijumaa, baada ya swala, Bi Mwanamboka akavaa baibui lake la heshima, akajifukiza udi, akaenda kwa Hamood.

Ukumbi ulikuwa umejaa, wanaume kama ishirini wamepanga migongo ukutani. Mwanamke wa umri wake haoni haya kuingia mahali kama hapo, na wao hawaoni ajabu. Wakasimama wote kumpokea. Wakaulizana habari kwa zamu, na kila aliyeulizwa akajibu kuwa hapana habari ila ya kheri. Hamood alikuwa mnene kuliko alivyomkumbuka, na mpole pia, mwenye kukuangalia usoni anapokusemesha, jambo ambalo lilimwudhi Bi Mwanamboka. Ikaletwa tende. Kisha akaingia Hazim na dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia.

Alipomwona, kahawa ikamwagika kidogo kwenye kidole chake. Hakukifuta. Akaja, akainama, akamtilia. Bi Mwanamboka akaipokea finjani, akainusa, kisha akaiweka chini kwenye zulia.

Mazungumzo yakakatika hapo hapo. Mzee mmoja kule pembeni akaacha kutafuna tende.

Hamood alimtazama, akaitazama finjani. "Kunywa kahawa yako, mama," akasema. "Ulilolijia umelipata, ila lile lililo mkononi mwa Mungu."

"Mungu akuweke," akajibu Bi Mwanamboka kwa Kiarabu chake ambacho Mabedui wakikisikia tu hujua ni cha mtu wa Zinjibari. "Mimi ni mama wa Khelef wa Ussi, wa Ibra. Miaka minne iliyopita ulisimama mnadani ukasema mwanangu alikuwa akiwauzia wanenu vidonge. Nataka Alhamisi hii usimame pale pale, useme kwamba si kweli."

Hamood hakuwa mtu wa kubabaika. "Nimeshakubali, nitasema," akasema. "Lakini nitasimama mbele za watu niseme kitu nisichokijua? Nilisema nilichoambiwa. Wataniuliza, kama si yeye, nani alikuwa akivileta? Niambie wewe, mama. Nani?"

Hapo ndipo alipopataka. Bi Mwanamboka akafumba mdomo, akaiangalia finjani yake, akangoja.

Aliujua ukimya ule kama mshonaji anavyoijua cherehani yake. Mwanzo watu huona ni adabu. Halafu hujikuna, hurekebisha vilemba. Halafu unaanza kumwelemea mmoja tu, yule mwenye kitu. Bi Mwanamboka hakuinua macho. Alikuwa akiviona vidole vya miguu vya Hazim kwenye zulia, vimejikunja. Angeweza kumwonea imani. Alimwonea raha. Ngoja, alikuwa akijiambia, ngoja kidogo, kinakuja.

"Mimi," akasema Hazim.

Baba yake akageuka.

"Nilivileta mimi, baba. Khelef hakuuza kitu. Nilimwacha ukutani akiwa anapumua."

Lile la kupumua Bi Mwanamboka hakuwa akilijua. Kikaoni hakulisema. Likamwingia mbavuni, likakaa huko, lakini uso wake hakuuachia ubadilike mbele ya watu wale.

Hamood aliinuka polepole. Kila mtu alidhani atapiga. Hakupiga. Alimnyang'anya mwanawe dele la kahawa na finjani, akamwonyesha mlango kwa kidevu. Hazim akatoka bila viatu. Kisha Hamood mwenyewe, aliyekuwa hajatia kahawa kwa mkono wake pengine tangu alipooa, akaanza kuwazungukia wageni mmoja mmoja. Alipofika kwa Bi Mwanamboka akaimwaga kahawa iliyopoa, akamtilia nyingine ya moto.

Bi Mwanamboka akainywa. Ilikuwa kahawa nzuri, iliki imekolea. Akaongezwa ya pili, akainywa nayo, ndipo akatikisa finjani.

Alhamisi alifika sokoni Sinaw mapema akasimama kati ya wauza mbuzi. Hamood alitimiza ahadi, na alitimiza kwa sauti ile ile. Akasema Khelef wa Ussi hakuuza, na kwamba yeye Hamood amemsingizia maiti na anamwomba Mungu msamaha na mama wa mtoto radhi. Kisha akaongeza lisiloombwa. "Aliyevileta alikuwa wa nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu hayupo tena. Mtu yeyote asimpe maji akidhani ananifurahisha." Wauza mbuzi wakaguna. Bi Mwanamboka alipanda garini akafunga vioo, akacheka peke yake mpaka machozi, kisha akarudi Ibra akapika.

Alipika biriani ya watu hamsini. Akaigawa kwenye masahani, akayapeleka mwenyewe kwenye kila nyumba iliyompa mgongo miaka ile minne, moja moja, hakuiruka hata moja. "Sadaka ya Khelef," akiwaambia mlangoni, huku akiwatazama machoni mpaka wapokee. Wangekataaje? Wakapokea kwa mikono miwili, wakamwombea dua, na wengine wakalia. Aliomba kimoyomoyo kila punje ya mchele iwakwame.

Saliha alikuja siku ya pili yake. Alisema shikamoo kwa midomo tu, hakukaa.

"Kanuni hujavunja, Mama. Nimefikiri jana kutwa, siwezi kukushika popote. Kazi yetu umeichukua ukaifanya kisu."

"Nilinyamaza tu," akasema Bi Mwanamboka. "Si ndiyo uliyonifundisha?"

"Alikuwa ende polisi mwenyewe. Tulikuwa tunajitayarisha mimi na yeye, Mfunguo Mosi akitimiza mwaka. Na kabla ya polisi alitaka kuja hapa kwako, mlango huu. Ile siku ya kikao alikuwa anajaribu kama ataweza kuisema mbele yako asianguke."

Bi Mwanamboka akamtazama. "Hukuniambia."

"Kilichosemwa kwangu ningekuambiaje?" Saliha akavuta pumzi. "Hajulikani alipo tangu Ijumaa ile ya kahawa. Simu haipatikani. Kwa mjomba wake hayuko, Sur hayuko."

"Akae huko huko aliko," akasema Bi Mwanamboka, na mlango akaufunga kwa upole ili isionekane kuwa ameufunga kwa hasira. Lakini usiku ule hakulala, na uliofuata pia. Alijiambia ni kwa furaha.

Jumanne, saa nane mchana, alikuwa njiani anatoka kwa mzazi mmoja nje ya Sinaw, simu ikalia kwa namba asiyoijua. Akapokea.

"Khalti," ikasema sauti, nzito kama ya mtu aliyejaza wali mdomoni. Khalti ni mama mdogo, ndivyo vijana wote walivyokuwa wakimwita. "Nimemeza. Vyote. Nimeazima simu ya mtu wa petroli. Namba ninayoijua kwa moyo ni yako tu."

Kituo chenyewe kilikuwa kilomita tatu mbele. Alifika, akasimamisha gari upande wa pili wa njia, hakuzima injini. Alimwona. Amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa choo, miguu kainyoosha mbele, kichwa kinaanguka kinainuka. Mhudumu wa pampu alikuwa amesimama karibu naye anatazama huku na huku, hajui amwite nani.

Tuseme ukweli. Bi Mwanamboka alitaka afe. Alitaka akae pale garini na ubaridi unampuliza usoni, aangalie kichwa kile kikianguka kisiinuke, halafu aendeshe aende zake, kama kijana yule alivyoendesha akaenda zake. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na hapakuwa na mtu wa kumshuhudia. Alihesabu pumzi za kijana kwa mbali kwa mazoea ya kazi. Zilikuwa chache.

Kilichomshusha garini hakikuwa huruma, na asisingiziwe. Ni kwamba kijana yule alikaa na Khelef saa ya mwisho, hapana mwingine duniani aliyekaa naye, na Bi Mwanamboka alikuwa hajamwuliza. Miaka minne ya kumtafuta, akampata, akamwadhiri, akamtupa, na suali lenyewe hajamwuliza. Akifa leo atakwenda na jibu lake. Hajamalizana naye bado.

Akavuka njia. Akamzaba kofi la kwanza kwa dawa na la pili kwa nafsi yake. Yeye na mhudumu wakamburura mpaka kwenye gari, wakamkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akakanyaga mafuta.

"Fumbua macho. Hazim. Nitazame. Khelef alisema nini?"

"Khalti, nasikia usingizi."

"Utalala ukishanijibu. Ulimwacha anapumua. Alisema nini kabla ya hapo? Jibu, mwana wa Hamood, au nakufungulia mlango hapa hapa." Na mkono mmoja ukimfinya sikio mpaka kijana akalia.

"Alisema anaona kiza."

"Halafu?"

"Nilimwambia nakupeleka hospitali. Wallahi, khalti, niligeuza gari. Nilifika mpaka kwenye taa za geti." Kichwa kikaanguka. Akafinywa tena. "Akanishika mkono wa usukani. Akasema usinipeleke. Mama yuko zamu."

Bi Mwanamboka akakanyaga mafuta zaidi. Gari ilikuwa inakwenda mia na arubaini.

"Akasema, mama aliapa. Akasema, nipumzishe mahali, nikipata nafuu utanichukua. Nilimfunga kifungo kwa sababu aliniambia anasikia baridi. Nilikuwa nirudi. Nikaogopa kurudi."

Ni kweli aliapa. Ilikuwa kwenye meza ya chakula, wiki ile ile, ametoka kumsafisha mtoto wa mtu matapishi. Alimnyooshea Khelef kijiko akasema: wallahi wewe nikiletewa hospitalini namna hii, mbele ya wenzangu, sikujui wala hunijui. Khelef alicheka, akaomba achari. Na jioni ile, saa zile, Bi Mwanamboka alikuwa ndani ya geti lile, kwenye dawati, anajaza fomu za watu wengine.

"Endelea kusema," akamwambia Hazim. "Alikuwa amevaa viatu gani? Mlikula nini mchana? Usinyamaze. Sema chochote." Kwa mara ya kwanza tangu aingie kazi ile, ukimya ulimtisha, akaujaza kwa kila swali lililomjia kinywani mpaka taa za geti zikaonekana.

Wakamchukua kwa kitanda cha magurudumu. Walimjua mama, aliwafundisha kazi huyo huyo mama, hawakuuliza mengi. Wasan, msichana aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ndiye mkubwa wa zamu, akaja na fomu dirishani, akawa anamwuliza. Akajaza jina, akajaza umri, akajaza vidonge vingapi kwa kukisia. Kisha kalamu yake ikasimama.

"Mama, hapa panataka jamaa wa karibu. Wewe ni nani wake?"

Bi Mwanamboka alifikiri. Mama, si mamaye, na uenza alikwisha kuuharibu mwenyewe. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akisema kwa sauti, pumua, Hazim, pumua, vuta tena.

"Andika hasimu," akasema.

Wasan akacheka kidogo, akangoja, akaona mwenzake hacheki. "Siwezi kuandika hivyo."

"Basi pawache wazi, namba yangu unayo. Na akiamka akiuliza nani kamleta, mwambie ni mamaake Khelef, yuko hapa nje, hajamsamehe na haondoki."

Akenda akakaa kwenye benchi la jamaa wa wagonjwa, mahali ambapo kwa miaka thelathini na moja hakupata kukaa hata mara moja, akaweka mkoba mapajani, akaanza kulia.